Klachi ya Gari Dogo: Kutambua Kilichoiua, Kuibadilisha na Kuhakikisha Mpya Haifi kwa Ugonjwa Ule Ule

Malalamiko yanayorudi kila mara ni haya: mtu amenunua pleti mpya ya klachi, amemlipa fundi au amefunga mwenyewe, na kabla ya miezi sita kwisha gari linapanda mlima injini ikivuma huku mwendo ukibaki pale pale. Ukimwuliza ni nini kilichoonekana siku ile giaboksi ilipokuwa chini, hakumbuki, kwa sababu hakuna aliyeangalia. Pleti ya zamani ilitupwa kando, mpya ikaingia, na kile kilichoiua ya kwanza kikabaki mle ndani kikiisubiri ya pili.

Mwongozo huu unafuata gari dogo la gia za mkono linalovutwa na magurudumu ya mbele, na mfano wake ni Toyota Starlet yenye injini ya 4E. Magari mengine ya umbo hilo, kama Vitz na Suzuki Alto, hufuata mpangilio unaofanana na huu, ingawa namba za spana na vipimo vinaweza kutofautiana. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya Toyota ndogo. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hushushwa giaboksi kwa njia nyingine, na halimo humu.

## Vitu vya kuandaa

Andaa kila kitu kabla ya kulegeza nati ya kwanza, kwa sababu gari lililoshushwa giaboksi haliwezi kukupeleka dukani.

Vipuri:
- Seti ya klachi yenye vitu vitatu: pleti (sahani yenye laini, yaani vitambaa vya msuguano, pande zote mbili), presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili) na beringi ya klachi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedeli)
- Oil sili ya nyuma ya injini, ile inayokaa nyuma ya flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini
- Oil sili ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, na sili mbili za draivu shafti
- Pini mpya za kufungia nati za akseli na za boli jointi, pale zinapotumika
- Oili ya giaboksi ya 75W-90 daraja la GL-4, lita 2 na ziada kidogo
- Grisi ya kustahimili joto, kiasi kidogo tu
- Kebo mpya ya klachi, au mafuta ya breki ya DOT 3 ikiwa klachi yako ni ya mafuta

Vifaa:
- Jeki mbili, stendi mbili imara na vigingi vya kuzuia magurudumu
- Spana na soketi za namba 10 hadi 19, soketi ya namba 30 kwa nati za akseli, na bomba la kurefushia mpini
- Spana ya kupimia mkazo
- Mtaimbo mfupi, nyundo, bisibisi bapa kubwa na kipande kinene cha mbao
- Vernia, rula na kalamu ya rangi
- Pini ya kulenga pleti. Gereji nyingi hutumia shafti iliyotolewa kwenye giaboksi mbovu ya aina ile ile, na hakuna kifaa kinachoipita
- Dawa ya kusafishia breki, vitambaa safi, beseni na barakoa
- Mtu wa pili, kwa sababu giaboksi hupita kilo 30 na haishikwi na mikono miwili ikiwa juu ya kifua chako

Ila vipuri usivinunue leo. Vinunue baada ya hatua ya 3, utakapokuwa na hakika kwamba ugonjwa uko ndani. Ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na namba ya injini, kisha upime mwenyewe: kipenyo cha pleti na idadi ya meno ya katikati lazima vilingane na vya zamani. Kwa sababu hiyo, ukiwa na usafiri mwingine, subiri mpaka uitoe ile ya zamani na uende nayo mkononi.

Kuhusu pleti ya mtumba, au ile iliyogongwa laini mpya juu ya kitovu cha zamani, rai yangu ni moja. Giaboksi ya mtumba ninaikubali, lakini pleti ya mtumba siikubali. Nafuu ya bei yake inaliwa yote na kazi ya kushusha giaboksi mara ya pili.

## Hatua ya 1: Tenganisha magonjwa mawili

Klachi ina kazi mbili: kushika na kukata. Klachi isiyoshika huacha injini ikizunguka bila gari kwenda, wakati klachi isiyokata huendelea kuzungusha giaboksi hata ukikanyaga pedeli mpaka chini. Magonjwa haya ni kinyume, lakini watu wengi huyaita yote mawili "klachi imeisha" na kununua pleti, ilhali klachi isiyokata mara nyingi ina tatizo la kebo au la mafuta, nje kabisa ya giaboksi.

Dalili za kutoshika ni mvumo wa injini kupanda bila mwendo kuongezeka, hasa mlimani na kwenye gia kubwa, harufu ya kuungua inayofanana na ya breki iliyoshikamana, na pedeli kushika ikiwa juu kabisa unapokaribia kuiachia.

Dalili za kutokata ni gia kukwaruza, gia ya kwanza kugoma gari likiwa limesimama, na gari kutaka kusogea hali mguu wako uko chini. Ili kuthibitisha, washa injini, simama mahali tambarare, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tano, kisha ingiza gia ya nyuma taratibu. Tunatumia gia ya nyuma kwa sababu katika magari mengi madogo haina pete ya kuilainisha kama gia za mbele, kwa hiyo husema kweli mapema kuliko nyingine. Ikiingia kimya, klachi inakata.

Sauti nazo zina maana yake. Mlio unaoanza ukikanyaga pedeli na kwisha ukiiachia ni wa beringi ya klachi. Mlio unaosikika gari likiwa huru na kutoweka ukikanyaga pedeli, kwa kawaida ni wa beringi ya shafti ndani ya giaboksi, na seti mpya ya klachi haitauponya. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, angalia kwanza maunti za injini, yaani mipira inayoishikilia, kabla ya kuilaumu pleti, kwa sababu maunti iliyokatika huiga dalili hiyo vizuri mno.

## Hatua ya 2: Pima pedeli

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo fedha nyingi huokolewa.

Zima injini. Weka rula wima kando ya pedeli, kisha uisukume kwa kidole mpaka uhisi ugumu wa klachi ukianza. Mwendo huo mtupu wa mwanzo unatakiwa kuwa kati ya milimita 5 na 15. Andika kipimo chako.

Katika gari lenye kebo, pleti inavyolika ndivyo vidole vya presha pleti, yaani springi zake bapa za katikati, vinavyosogea kuelekea kwenye beringi, na mwendo mtupu unapungua. Usiporekebishwa utafika sifuri, na tangu siku hiyo beringi inakuwa imeegemea vidole saa zote, kana kwamba kuna dereva aliyesahau mguu wake kwenye pedeli. Klachi itateleza hata kama laini bado ni nene. Kwa hiyo, ukikuta sifuri, legeza nati ya kurekebishia kebo mpaka upate milimita 10, na ulijaribu gari upya. Baadhi ya magari yaliyoandikiwa pleti mpya yamepona kwa zamu chache za nati hiyo.

Mwendo mtupu ukizidi, matokeo ni kinyume: klachi haikati vizuri na gia zinakwaruza. Tazama pia kebo yenyewe kama imefumuka nyuzi, na ukuta wa ndani ambapo ganda la kebo linashikwa. Ukuta huo ukipasuka au kupinda, kila unapokanyaga utauona ukijongea, na nusu ya nguvu ya mguu wako inaishia hapo.

Katika gari la klachi ya mafuta, anza na kikombe cha mafuta, kisha inua mpira wa vumbi wa masta ya chini, ile ya kwenye giaboksi, na kupapasa chini ya zulia penye masta ya juu, ile inayosukumwa na pedeli. Unyevu wowote hapo ni uvujaji. Kanyaga pedeli haraka mara nne au tano: ikiwa gia zilizokuwa zikigoma sasa zinaingia, kuna hewa au masta imechoka, na giaboksi haina haja ya kushushwa. Mafuta ya breki huharibu rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika yaoshe mara moja kwa maji.

Umefaulu hatua hii ukiwa na mwendo mtupu sahihi, hakuna uvujaji, na mwenzako akikanyaga pedeli wewe unauona uma wa klachi, mkono unaosukuma beringi, ukisogea kwa ukamilifu na kurudi bila kusita.

## Hatua ya 3: Jaribu barabarani

Fanya jaribio hili baada ya kuendesha kama dakika ishirini, kwa sababu klachi inayoanza kuisha hushika vizuri ikiwa baridi na kuteleza ikipata moto.

Tafuta barabara isiyo na watu, yenye mwinuko kidogo. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ingiza gia ya nne, achia pedeli ya klachi kabisa, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini na mwendo vinapaswa kupanda pamoja, polepole. Mvumo ukiruka juu na mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza.

Usiye na barabara ya namna hiyo unaweza kufanya jaribio la kusimama: vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, ingiza gia ya nne na uachie klachi kwa utaratibu. Injini inapaswa kuzima papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, klachi haishiki. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, na usirudie jaribio hili zaidi ya mara moja, kwani sekunde chache za kuteleza zinatosha kuichoma hata pleti nzima.

Ikiwa pedeli imerekebishwa na gari bado linateleza, sasa nunua vipuri.

## Hatua ya 4: Kushusha giaboksi

Kwa fundi mzoefu kazi hii ni ya nusu siku. Kwa anayeifanya mara ya kwanza, tenga siku mbili na usiahidi safari ya jioni.

1. Gari likiwa bado chini, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha legeza nati za akseli na nati za magurudumu ya mbele. Nati ya akseli imekazwa kwa nguvu kubwa, na ukiilegeza gari likiwa juu ya stendi unaweza kuliangusha.

2. Toa kituo hasi cha betri, kisha betri na kibao chake, pamoja na boksi la kichujio cha hewa. Nafasi hiyo ndiyo utakayopitisha mikono.

3. Inua mbele ya gari na uliweke juu ya stendi mbili kwenye sakafu ngumu, na vigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jeki peke yake haitoshi, na tofali halifai kabisa, kwa sababu hupasuka bila kutoa onyo. Lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama kando. Likitikisika, panga upya.

4. Mwaga oili ya giaboksi. Lakini legeza kwanza bolti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu bolti ya kujazia ikagoma, umebaki na giaboksi tupu usiyoweza kuijaza.

5. Tenganisha boli jointi na loa amu pande zote mbili, vuta habu nje, na uigonge ncha ya akseli kwa kipande cha mbao au huku nati ikiwa imeshika nusu, ili usiharibu nyuzi. Draivu shafti ing'oe kwenye giaboksi kwa mtaimbo ulioegemezwa kwenye chuma, usiegemee sili. Usivute kwa kushika shafti yenyewe, maana jointi ya ndani itaachana.

6. Ondoa kebo au masta ya chini ya klachi, nyaya za gia, kebo ya spidi, plagi ya taa ya rivasi na stata. Masta ya chini ifunge pembeni bila kukata bomba lake, na mtu yeyote asikanyage pedeli tangu sasa, kwa sababu pistoni itaruka nje.

7. Tegemeza injini kwa jeki ya pili chini ya sampo, beseni la oili la injini, ukiweka mbao katikati, kisha fungua maunti ya upande wa giaboksi. Jeki isikae bila mbao, kwani sampo ni bati jembamba na litabonyea.

8. Fungua bolti zinazounganisha giaboksi na injini. Urefu wake hautofautiani bure: chora umbo la giaboksi kwenye kadibodi na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia penye tundu fupi hupasua aluminiamu, na huo ni msiba mkubwa kuliko klachi.

9. Wakati wa kuachana, vuteni giaboksi kwa mstari ulionyooka mpaka shafti itoke kabisa kwenye pleti, ndipo mshushe. Isining'inie kwenye shafti hata kwa dakika moja.

## Hatua ya 5: Isome klachi iliyokufa

Kabla ya kutoa chochote, vaa barakoa. Laini za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na huwezi kuitambua kwa macho, kwa hiyo vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kisha legeza bolti sita za presha pleti kwa kupishana, nusu zamu kila moja, huku ukiikinga pleti isikuangukie.

Sasa kaa chini na vitu hivi mahali penye mwanga. Kazi yote iliyotangulia ilikuwa ya kufikia hapa.

Kina cha vichwa vya ribiti. Pima kwa vernia kutoka juu ya laini mpaka kichwa cha ribiti. Kikipungua milimita 0.3, pleti imeisha. Ikiwa imelika sawasawa pande zote mbili na hakuna dosari nyingine, imekufa kwa uzee, na hilo ndilo jibu zuri kuliko yote.

Laini nene lakini inang'aa au ina mafuta. Pleti haikuisha, imelowa. Fuata mafuta mpaka chanzo: yakiwa meusi na yametokea katikati ya flaiwili, ni ya injini, na sili ya nyuma imechoka, yakiwa mazito, yenye harufu kali ya kiberiti, na yametapakaa ndani ya kengele ya giaboksi, kasha linaloifunika klachi, kuzunguka shafti, sili ya giaboksi ndiyo mkosaji. Usijaribu kuiosha pleti hiyo kwa petroli. Itashika siku chache, kisha mafuta yaliyonyonywa yatatoka tena kwa joto.

Madoa ya bluu na nyufa ndogo kwenye flaiwili au presha pleti. Ni joto la kuteleza kwa muda mrefu. Ama kebo ilikazwa mno, ama dereva huliegemeza gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Anayekwenda na foleni za asubuhi akiwa ameweka mguu nusu juu ya pedeli ataona madoa haya, na inafaa amwonyeshe kila anayeendesha gari hilo.

Vidole vya presha pleti vimechimbika. Shimo likizidi kina cha milimita 0.6, presha pleti haifai. Chanzo chake ni beringi iliyokwama au kukosekana kwa mwendo mtupu.

Meno ya kitovu yamelika, au springi za pleti zinacheza. Hapo shuku kwamba giaboksi haijakaa katikati ya injini. Tafuta pini mbili za kulengea kwenye ukingo wa injini. Mara nyingi moja imepotea katika kazi iliyopita na hakuna aliyeijali.

Andika ulichokiona. Usipoweza kutaja chanzo kwa sentensi moja, usianze kufunga.

## Hatua ya 6: Flaiwili na sili

Pitisha ukucha juu ya uso wa flaiwili. Mkwaruzo ukiushika ukucha, au kukiwa na madoa ya bluu, flaiwili itolewe ikakerezwe. Nyufa zinazoonekana wazi zinahitaji flaiwili nyingine. Pleti mpya juu ya uso uliochimbika hushika kwa viraka, hutetemeka, na huisha mapema.

Weka alama ya rangi kati ya flaiwili na mhimili wa injini kabla ya kuitoa, na umwambie mkerezaji atoe kidogo iwezekanavyo kwa mashine, si kwa grenda ya mkono. Ikiwa flaiwili yako ina ngazi kati ya uso wa kusuguliwa na uso wa bolti, kiasi kile kile kitolewe kote kuwili. La sivyo mbano wa presha pleti utabadilika.

Flaiwili ikiwa nje, badilisha sili ya nyuma ya injini hata kama haijaanza kuvuja, kwani bei yake ni ndogo na njia ya kuifikia ni hii unayopitia leo. Paka oili kwenye mdomo wa sili mpya, uisukume sawasawa kwa kipande bapa, na isizame zaidi ya ile ya zamani. Fanya vivyo hivyo kwa sili za giaboksi. Bolti za flaiwili zikazwe kwa kupishana, kwa mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha injini yako.

Umefaulu ikiwa uso wa flaiwili una rangi moja, umefutwa kwa dawa ya breki, na kitambaa cheupe kinapita juu yake bila kubeba kitu.

## Hatua ya 7: Kufunga pleti mpya

Osha mikono. Alama ya kidole chenye grisi juu ya laini inatosha kuleta mtetemo.

Ipeleke kwanza pleti kwenye shafti ya giaboksi na uhakikishe inateleza kwa uhuru bila kukwama. Kisha paka grisi nyembamba kwenye meno, itelezeshe pleti tena, na ufute yote yaliyosukumwa nje. Grisi nyingi hurushwa na mzunguko moja kwa moja kwenye laini.

Pleti ina upande wake. Kwa kawaida upande wenye springi zilizojitokeza hutazama giaboksi, na pleti nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Kazi yangu ya kwanza niliigeuza, nikafunga kila kitu, nikajaza oili, nikapandisha magurudumu, na gia hazikuingia hata moja. Tangu siku hiyo huisoma pleti kwa sauti kabla ya kuishika bolti.

Ingiza pini ya kulenga katikati, weka presha pleti kwenye vijiti vyake, na ukaze bolti sita kwa kupishana, kidogo kidogo, mpaka Nyutoni-mita 19. Ukikaza upande mmoja kwanza utaupinda mfuniko, na klachi haitakata sawasawa tena.

Umefaulu ikiwa pini inatoka na kuingia kwa vidole viwili bila kulazimishwa. Ikigoma, legeza bolti na ulenge upya, maana kama pini inagoma, giaboksi yenye kilo zaidi ya 30 itagoma zaidi.

Beringi mpya ipachikwe kwenye uma pamoja na vibanio vyake. Paka grisi kidogo kwenye bomba inakopita, kwenye ncha za uma na kwenye kishikizo cha uma, na popote usipopaka pasichafuke.

## Hatua ya 8: Kurudisha giaboksi

Hakikisha pini zote mbili za kulengea zipo. Weka giaboksi kwenye gia ya nne ili uweze kuzungusha shafti kwa kuzungusha upande wa matokeo. Inueni mpaka ilingane na injini, sukumeni kwa mstari ulionyooka, na meno yakigoma zungusha kidogo.

Nyuso za giaboksi na injini zinapaswa kugusana kwa nguvu ya mikono tu. Zikibaki na mwanya, tatizo lipo: pleti haijalengwa, waya umebanwa, au pini imepinda. Kuvuta mwanya huo kwa bolti ni kosa linalovunja kitovu cha pleti mpya, nami nimeliona likifanywa na watu wenye uzoefu kwa sababu tu jua lilikuwa linazama.

Kabla ya kuondoa jeki ya injini, funga bolti zote na maunti. Ingiza draivu shafti kwa uangalifu ili meno yake yasikate sili mpya, na uisikilize ikitoa mlio mfupi wa kukaa. Ukiivuta kidogo kwa mkono isitoke. Rudisha boli jointi na pini zake mpya, nati za akseli, stata, nyaya na kebo. Jaza oili mpaka ianze kutiririka kutoka kwenye tundu la kujazia gari likiwa limelala sawa. Gari likishashuka, kaza nati za akseli kwa mkazo wa kitabu ndipo uzifungie pini mpya, na nati za magurudumu kwa Nyutoni-mita 103.

## Hatua ya 9: Kurekebisha, kujaribu na kilomita za mwanzo

Pleti mpya ni nene, kwa hiyo kipimo cha zamani cha kebo hakifai tena. Kanyaga pedeli mara kumi ili kila kitu kikae, kisha rekebisha mwendo mtupu uwe milimita 10. Kwa klachi ya mafuta ambayo bomba lake lilifunguliwa, toa hewa ukiwa na mwenzako: akanyage na kushikilia, wewe ufungue kinyonyo (nati ndogo ya kutolea hewa) cha masta ya chini, ukifunge, ndipo aachie. Endeleeni mpaka yatoke mafuta bila mapovu, huku kikombe kisikauke.

Washa injini gari likiwa huru. Kusiwe na mlio. Rudia jaribio la gia ya nyuma: iingie kimya. Ondoka taratibu, klachi ishike karibu na katikati ya mwendo wa pedeli, bila mtetemo. Harufu ndogo ya upya siku ya kwanza si tatizo, lakini moshi ni tatizo.

Kwa kilomita 500 za mwanzo, endesha mjini kwa upole, usivute trela, na usilipeleke gari likiwa limejaa watu na mizigo kwenye mlima kama Kitonga. Laini na uso wa flaiwili vinahitaji kuzoeana kwa mashiko mengi mepesi kabla ya kupewa mzigo mzito. Jaribio la kuzimisha injini la hatua ya 3 lisifanywe kabisa katika kipindi hiki.

Baada ya kilomita hizo, pima tena mwendo mtupu kwa rula ile ile, kaza nati za magurudumu kwa spana ya mkazo, na ulale chini ya gari uangalie mwungano wa injini na giaboksi kwa tochi. Pakiwa pakavu na kipimo kikiwa ndani ya milimita 5 hadi 15, kiandike na tarehe pembeni na ufunge boneti.